Beseni Kabla ya Baraza

Mjinga wa siku ile nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili msomaji asijisumbue kumtafuta mwingine, maana humu watapita watu wa kila namna, wakiwamo mamluki wenye bunduki na bwana mmoja aliyewahi kuvuta sinia zima la pilau upande wake, na bado mjinga atakuwa mimi.

Naitwa Moindjié. Nauza vitambaa sokoni Volo Volo, mjini Moroni, na wakati wa kisa hiki nilikuwa nimekalia kigoda kimoja kwa miaka kumi na minane. Kigoda cha mti mtupu, hakina mto. Nilijisifu kwamba hakuna mteja aliyewahi kunikuta nimesimama. Kazi yangu ya pili ilikuwa kuwabandika watu majina. Fundi cherehani mwenye shingo ndefu nilimwita Mnara, na mpaka leo anaitikia. Mwalimu wa chuo anayesomesha mbio mbio nilimwita Teksi ya Ikoni. Jirani yangu Abdérémane, mtu wa rika langu, alionekana kwenye karamu moja akivuta sinia la pilau polepole kwa kidole kimoja, huku akizungumza habari za mvua. Nikamwita Bwana Sinia. Binti yake alipoolewa kisiwa cha pili, Ndzuani, mjini Mutsamudu, wakwe walikuwa wameshalisikia jina hilo kabla ya posa. Hakunisamehe, na simlaumu.

Mtu wa aina yangu akiugua, hapati mafua kama wenzake. Mimi nilipata bawasiri.

Kwa ambaye Mungu amemwepushia: ni vinundu vinavyovimba mahali ambapo mwenyewe hapaoni na hataki mwingine apaone. Ukikaa, umekalia kaa la moto. Ukisimama, unawaza utakaa lini na vipi. Nikaanza kuuza vitambaa kwa wima, nikawaambia wateja kwamba ni heshima yao. "Siku hizi Moindjié ana adabu," wakasema wanawake wa sokoni, na wengine wakawa na wasiwasi kwamba kitambaa kina kasoro.

Ingekuwa mwaka mwingine, ningesimama tu mpaka mambo yapoe yenyewe. Lakini mwaka ule, wa tano tangu mamluki wa Kizungu waingie nchini kuilinda serikali, nilikuwa nimemaliza harusi yangu kubwa. Kwetu Ngazidja, kisiwa chenye Moroni, mwanamume anaweza kuwa na mvi na wajukuu, na bado mji ukamhesabu mtoto mpaka aifanye harusi ya ada na kuulisha mji mzima. Mke alikuwa yule yule Zaitoun, niliyemuoa kimya kimya zamani za ujana. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili na bado natumwa kubeba mikeka msibani. Abdérémane alishamaliza ya kwake mwaka uliotangulia, na kila nilipopita na mikeka kichwani alinisogezea mguu wake njiani kidogo, ili niugonge nipate nafasi ya kumwomba radhi.

Lilibaki jambo moja tu: kukalishwa. Mbele ya msikiti wa mtaa wetu upo uwanja wenye mabaraza ya mawe, ndio tunaouita bangwe. Ijumaa, baada ya sala, mtu mpya anavishwa joho na kilemba, anawekwa juu ya jiwe baina ya wazee, na hotuba zinaanza. Sharti ni moja. Asiinuke mpaka amina ya mwisho. Akiinuka kabla, amehesabiwa hakukaa, na anarudi kwenye mikeka yake mpaka mwaka mwingine. Wazee wetu wanapenda kuhutubu. Saa mbili, saa tatu, juu ya jiwe lililoota jua tangu asubuhi. Na mimi siku hizo sikuweza kukaa muda wa kumaliza kikombe cha chai.

Hospitali sikwenda. Muuguzi wa zamu alikuwa binamu wa Zaitoun, na habari ingefika Volo Volo kabla sijafunga suruali. Nilikuwa nimesikia sifa za mkunga mmoja wa Mutsamudu, Bi Mouzdalifa, ambaye wanawake wakisemeana habari zake husema "maji yake ya kukalia". Nikamwambia Zaitoun naenda kutazama vitambaa. Jumatatu nikapanda ndege.

Nyumba ya Bi Mouzdalifa imo ndani kabisa ya vichochoro vya mji mkongwe, mahali ambapo wanene wawili wakikutana lazima mmoja arudi nyuma. Uani walikuwapo wanawake watatu, wote na watoto wachanga. Waliponiona wakavuta shiromani zao mpaka machoni. Bi Mouzdalifa mwenyewe alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Lahaja yake ya Ndzuani na yangu ya Ngazidja hazikuelewana vizuri, lakini aliwahi kuolewa Unguja, nami niliwahi kufanya kazi huko, basi tukakutania kwenye Kiswahili.

"Nimetumwa na mke wangu," nikasema.

"Amejifungua lini?"

"Hajajifungua, mama. Ana shida ya kukaa."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa Rajabu."

"Karibu mkeka, unieleze vizuri."

"Ahsante, mama, nimekaa sana kwenye ndege."

"Ndege ya nusu saa?"

"Ilichelewa."

"Kaa, mwanangu. Huu mkeka ni laini."

"Hapa nilipo pananitosha."

Akashusha miwani akaniangalia kutoka kofia mpaka viatu, akarudi nusu ya njia, akasimama hapo. "Ajabu hii. Mwenye maumivu ni mkeo, asiyeweza kukaa ni wewe. Nyinyi mnapendana sana."

Mmoja wa wale wanawake, aliyeitwa Fatima, mwenye mtoto wa siku kumi, akaanza kucheka huku anajishika. "Bi, usinichekeshe," akasema, "nyuzi zangu."

Nilikuwa nimewachekesha watu maisha yangu yote, lakini siku ile niligundua kwamba kuna tofauti kati ya kumiliki duka na kuwa kitambaa. Nikakiri. Niliongea nikitazama ukuta.

"Damu?" akauliza Bi Mouzdalifa.

"Hakuna."

"Homa? Usaha?"

"Hakuna, mama."

"Siku ukiona kimojawapo, au maumivu yakizidi wiki, usije kwangu. Nenda hospitali. Daktari ameona makalio mengi, ya kwako hayatakuwa ya kwanza wala ya kupendeza zaidi." Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa majani ya mpera yaliyokaushwa kivulini. "Sasa sikiliza. Anayoyafanya huyu Fatima nawe utayafanya, ila kunyonyesha."

Fatima akamwomba tena asimchekeshe.

"Tafuta beseni lako peke yako," akasema Bi Mouzdalifa. "Si la nguo, si la samaki, si lile la kuogeshea mtoto. Ulioshe kwa sabuni na maji moto, ulisuuze. Konzi moja ya majani uyaoshe, uyachemshe, ufunike sufuria, yatulie. Halafu uchuje kwa kitambaa safi, maana kipande cha jani huko unakokwenda kitakuwa mwiba. Maji yapoe yawe vuguvugu. Utapima kwa nini?"

"Kidole."

"Kidole chako kimezoea sigara, hakisikii kitu. Kiwiko. Kiwiko kikikataa, na wewe kataa. Mwezi uliopita nililetewa mzazi aliyekalishwa na mama mkwe wake kwenye maji yanayofuka moshi, eti ndiyo desturi. Alikuja amebebwa." Wale wanawake wakaitikia kwa sauti ya kooni, walimjua. "Unakaa robo saa. Si saa nzima, hupikwi. Maji yaoshe kwa nje tu, ndani huna kazi nako. Ukimaliza inuka polepole usije ukaona kizunguzungu, jikaushe kwa kugusa, usisugue. Maji umwage. Kesho maji mapya. Na ule papai, unywe maji, uache kukaa kwenye kigoda kutwa nzima kama kuku wa mayai."

"Ngozi yangu ikiyakataa majani?"

Kwa mara ya kwanza alinitazama kama mtu mwenye akili. "Swali zuri. Paka kidogo mkononi leo, subiri mpaka kesho. Ikiwasha, acha. Na la mwisho, ndilo kubwa. Usiongeze kitu. Si chumvi, si sabuni, si manukato, si dawa ya kuoshea choo."

"Hata kidogo?"

"Nyinyi wanaume mkiambiwa kidogo mnasikia kidogo kwa kuanzia. Usiongeze kitu. Sema."

"Nisiongeze kitu," nikasema mbele ya mashahidi watatu na watoto wao.

Nikiwa njiani kurudi kiwanja cha ndege cha Ouani, nikapita kumsalimu Ridjali, rafiki yangu wa siku nyingi, ambaye anakamua mafuta ya mlangilangi. Ua lile lenyewe wanawake wetu wanalitandika juu ya kitanda cha bibi harusi. Mafuta yake yanasafirishwa Ufaransa kwa vichupa. Ridjali alinipa kichupa kimoja, mvuke wa kwanza, ule mkali kuliko yote. "Zawadi ya Zaitoun," akasema. "Tone moja kwenye shela. Mawili, jirani wataanza kuuliza."

Pale Ouani mizigo ilikuwa inapekuliwa. Siku hizo mamluki walikuwa wanapekua chochote, na aliyekuwa mezani alikuwa kijana wa Kizungu mwenye nguo nyeusi na masikio yaliyoungua jua. Akafungua mfuko wangu. Akayatoa majani, akayanusa, akauliza kwa Kifaransa ni nini.

Nikageuka nyuma kuona nani ananisikia. Aliyefuata kwenye foleni, na kikapu cha karafuu alichopewa na binti yake, alikuwa Abdérémane.

"Salama, Moindjié," akasema Bwana Sinia. "Umebeba nini, ndugu yangu?"

"Chai," nikamwambia mamluki.

"Ya kunywa?"

"Ya kunywa."

Yule kijana akachukua konzi moja akanisogezea. Hakusema neno, ila mkono mwingine ulikuwa juu ya bunduki. Alitaka kuona kama ni bangi au sumu. Nikayatia kinywani nikatafuna. Majani makavu ya mpera yanakausha ulimi mpaka unahisi umelamba ukuta. Nikatafuna, nikameza, nikatabasamu kwa meno ya kijani.

"Chai gani hiyo inayotafunwa?" akauliza Abdérémane.

"Ya Kichina."

Mamluki akaridhika. Kisha akakiona kichupa, akakifungua, akafumba macho, akasema hiki ni cha madamu bila shaka, akakifunga vizuri na kunirudishia kwa mikono miwili. Nimefikiria sana tangu siku ile. Serikali nzima ilikuwa inalindwa na mtu aliyezuia majani na kupitisha moto.

Ndani ya ndege nilikaa kwa upande mmoja, nikabadilisha, nikarudi upande wa kwanza. Abdérémane alikuwa kiti cha nyuma. Sikumwona, ila nilimsikia akiwa kimya, na kimya cha Abdérémane kina maana.

Mkono haukuwasha, basi Jumanne jioni nikaanza. Beseni jipya, la bluu, nililificha nyuma ya pipa. Zaitoun hakuuliza kitu. Baadaye aliniambia kwamba mume anayeingia bafuni na sufuria ya mpera, kitambaa cha kuchujia na saa ya ukutani hahitaji kupelelezwa. Nilifuata kila neno. Kiwiko kikakubali, nikakaa, robo saa, nikajikausha kama ninayekausha yai. Jumatano nikafanya mara mbili. Alhamisi asubuhi nilikaa juu ya kigoda changu, nikiwa nimekunja khanga tatu chini yangu, nikanywa kikombe kizima cha chai. Ningeweza kulia. Nikamwuzia mteja kitambaa nikiwa nimekaa, naye akaniambia adabu yangu haikudumu.

Ningeachia hapo, kisa kingekuwa kifupi na mimi ningekuwa mtu mwingine.

Ijumaa asubuhi niliamka na hofu ya lile jiwe. Nikasema, maji haya yamenipa kikombe cha chai. Leo nahitaji saa tatu. Nikachemsha majani, nikachuja, nikapima kwa kiwiko. Jicho likaangukia kile kichupa kwenye dirisha la bafuni, ambapo Zaitoun alikuwa amekiweka pamoja na sabuni yake. Mkaribie mtu wa visiwa hivi na umwambie kuna kitu kizuri kuliko mlangilangi, atakucheka. Ndiyo fahari yetu. Kitu ambacho Ufaransa wanakipima kwa matone, nikajiambia, hakiwezi kushindwa na bawasiri ya muuza vitambaa. Bi Mouzdalifa alikataza manukato, ndiyo. Lakini hiki si manukato, hiki ni asili yenyewe ya manukato, kitu kilichokamuliwa, safi, hakina mchanganyiko. Mwanasheria hawezi kujitetea vizuri kuliko mwanamume aliye peke yake bafuni.

Nikamimina nusu ya kichupa.

Mafuta hayaingii ndani ya maji. Yalielea juu, duara moja linalong'aa, yakinisubiri. Nikayakalia.

Mara ya kwanza nikasikia ubaridi, nikasema, unaona. Nikahesabu mpaka sita. Saba sikuifikia. Sitaeleza ulikuwa moto wa namna gani. Nitasema tu kwamba niliinuka si polepole, na kwamba beseni liliinuka na mimi kwa sehemu ya safari. Nikajimwagia maji ya pipa. Maji yakayasambaza mafuta kwenye mitaa mipya ambayo haikuwa na ugomvi wowote. Nikapiga kelele moja. Zaitoun akasukuma mlango.

Akaniona mimi, akaliona beseni, akakiona kichupa chake.

"Baba Zalifa," akasema, "hivyo ndivyo vitambaa ulivyokwenda kutazama Mutsamudu?"

"Maji hayatoi," nikasema. "Zaitoun, maji hayatoi."

"Mafuta hayatolewi na maji. Umeuza vitambaa vyenye madoa miaka kumi na minane, hujui?" Akarudi na chupa ya mafuta ya nazi na kitambaa laini. "Jipake haya kwanza, yayavute yale. Futa kwa kugusa. Halafu sabuni kidogo ya kuogea na maji baridi. Usisugue."

"Wewe nani amekufundisha?"

"Bi Mouzdalifa. Nani alikuletea sifa zake, kama si mimi nilipokuwa nasema na dada yako ukajifanya umelala?" Akageukia ukuta ili nijifanyie. "Na ungeniambia mimi, ungepata majani kwenye mpera wa jirani bila kupanda ndege."

Moto ukapungua. Haukuisha, ukapungua. Harufu haikupungua hata kidogo.

Baada ya sala walinivika joho, wakanifunga kilemba, wakanipeleka bangwe kwa kasida. Nilitembea kwa hatua fupi na watu wakasifu utulivu wangu. Nikawekwa juu ya jiwe. Kulia kwangu alikuwa Mwalimu Mouhidine, mzee wa mtaa, ambaye ana miaka themanini na huongea maneno machache kwa sababu yaliyobaki ameshayatumia. Mwisho wa baraza lile lile, watu watano kutoka kwangu, alikuwa Abdérémane. Alikuwa amekaa ubavu ubavu, ananitazama.

Jua likalipasha jiwe, jiwe likanipasha mimi, na mimi nikaanza kunukia. Upande huu watu wakainua pua. Upande ule mtu akatazama juu kutafuta mti. Msemaji wa kwanza, aliyekuwa anaeleza nasaba yangu kuanzia babu wa saba, akasita kwenye babu wa tano.

"Kuna bibi harusi hapa?" akauliza Mwalimu Mouhidine.

"Ni joho," nikanong'ona. "Mke wangu amelifukiza."

"Amelifukiza vizuri. Linatokea chini."

Msemaji wa kwanza alichukua saa moja kasoro. Wa pili akaomba radhi kwamba atakuwa mfupi, na kila mtu kwenye bangwe alijua hiyo ina maana gani. Nilikuwa nimebana meno. Nikakaa upande wa kulia, jicho la Abdérémane likaenda kulia. Nikahamia kushoto, likahamia. Nikaona mikeka. Nikajiona nikipita na mikeka kichwani mwaka mwingine mzima, na mguu wake ukinisogelea. Na jina. Mtu niliyempa jina alikuwa amekaa pale akinitafutia la kwangu, na nilijua kwa ufundi wa kazi kwamba angelipata. Lingehusu harufu au lingehusu makalio, na wajukuu wangu wangelirithi.

Hatimaye Mwalimu Mouhidine akasema tuombe dua. Sote tukageuza nyuso kibla, mikono juu. Dua ya mwisho. Yeye mwenyewe huwa mfupi, lakini siku ile, labda kwa harufu, alifurahi, akaanza kuwaombea na wafu.

Hapa nasema kweli, kwa kuwa nilianza na kweli. Alipofika kwa wafu wa mtaa wa tatu, nilishindwa. Nilijiinua. Si kwa kutaka. Mwili uliamua, kama mkono unavyoachia sufuria. Nilikuwa nimeshaachana na jiwe kwa kiasi cha shibiri moja, mikono bado juu, joho limefunika aibu yangu, pale liliposikika gari.

Gari la mamluki likaingia bangwe, vumbi likatangulia. Asubuhi ile makaratasi ya kuwatukana yalikuwa yameokotwa sokoni, na walikuwa wanayatafuta kila mahali. Mmoja akaruka chini akapiga kelele kwa Kifaransa: simameni, wote.

Wazee wakasimama. Mimi nilikuwa njiani tayari, nikamalizia tu. Sijawahi kumtii mtu kwa moyo mweupe namna ile. Wakachungulia chini ya mabaraza, wakapapasa majoho. Aliyenipapasa mimi akavuta pumzi, akanitazama usoni, akaniruka akaenda kwa mwingine. Hawakupata kitu. Gari likaondoka. Mwalimu Mouhidine, aliyekuwa bado na mikono juu, akasema kwa kuwa tumeshasimama, al-Fatiha. Tukaisoma wima, tukaitikia amina ya mwisho, na mambo yakaisha.

Kwangu nilidhani yameisha.

"Hakukaa," akasema Abdérémane.

Watu waliokuwa wameanza kusogelea sinia wakageuka.

"Nani?" akauliza mmoja.

"Moindjié. Aliinuka kabla ya gari. Hakukaa. Arudi kwenye mikeka."

"Niliinuka kwa amri, kama nyote," nikasema. "Au wewe ulitaka nibishane na bunduki?"

"Amri ilikukuta hewani."

"Bwana Sinia, njaa inakuumiza. Nenda kale."

"Unaona? Anatukana ili tusahau." Akawageukia wazee. "Tangu Ouani namwangalia mtu huyu. Kwenye ndege hakai. Anatafuna majani mbele ya mamluki anasema chai. Leo ananukia kama kitanda cha arusi. Mtu huyu ana ugonjwa wa makalio na hakukaa."

Kikatokea kicheko ambacho nilikitambua, kwa sababu kwa miaka mingi kilikuwa changu. Nikaona baraza linagawanyika. Huyu anasema aliniona nimekaa. Yule anasema vumbi lilikuwa jingi. Mzee mmoja akataka mashahidi, mwingine akasema ugonjwa ni udhuru, wa tatu akasema udhuru haupo kwenye ada. Wengine walikuwa wanadhani. Mimi na Abdérémane tulikuwa tunajua.

"Kimya," akasema Mwalimu Mouhidine. Akamtazama Abdérémane. "Wewe una yakini?"

"Yakini, Mwalimu. Sikudhani, nimeona."

"Uliona nini?"

"Niliona joho linaachana na jiwe. Macho yangu hayakutoka pale. Tangu ulipoinua mikono mpaka gari linaingia, sikupepesa, nilikuwa natazama makalio yake tu."

Mwalimu Mouhidine akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeandika ushahidi. Akajikung'uta vumbi mabegani, akachukua bakora yake.

"Sote hapa wakati wa dua tulielekea kibla, Abdérémane," akasema. "Tusimlie Moindjié pilau lake mpaka utuambie wewe ulikuwa unamwomba nani."